Tulivyompata Madamu Iliona

Kaeni chini. Mwenye simu aizime. Na wewe binti uliyeingia mwisho ukisema pikipiki imepata pancha huko Kasenga, karibu sana. Mimi nilikuwa natoka Rugenge kwa miguu, nafika kazini jua likiwa bado upande wa ng'ambo, na sikuwa na pikipiki ya kusingizia.

Nimeombwa niwazungumzie waganga waliosomea nchi za nje: namna ya kuwapokea, na namna ya kuwafanya wabaki. Wamechagua mzee anayestahili. Nilizalisha wanawake wa mji huu mpaka magoti yakagoma, na hapa mbele yangu naona vichwa viwili vitatu ambavyo mkono wangu ulivishika kabla ya mama zenu. Msione haya. Mlikuwa wabaya wote. Kila mtoto ni mbaya anapotoka, na anayekwambia vingine hajawahi kufanya kazi hii.

Nitajaribu kusema Kiswahili cha vitabu, maana naona kuna wanaoandika. Lakini watu wa habari hii nitawaacha waseme kama walivyosema.

Nilianza katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, msichana niliyetoka shule ya masista, nina cheti cha kusaidia wakunga na kiburi kinachozidi cheti. Lopitali yetu ilikuwa ndogo. Daktari alikuwa mmoja, Mbelgiji, na sisi tulimwita Bwana Saa, kwa sababu ukimwambia habari ya asubuhi alitazama saa kwanza kuhakikisha kama ni asubuhi. Materenite, wodi ya wazazi, ilikuwa chini ya Masera Godeliva, sista wa Kiflama, mrefu kama mlingoti, ambaye alikuwa na funguo nyingi kiunoni hata tukamsikia anakuja kabla hajaondoka alikokuwa. Na katika chumba cha upasuaji alikuwepo Stanislasi, mwuguzi mtu wa hapa hapa, ambaye kazi nyingi ninayoijua aliniwekea yeye mikononi.

Ninyi leo mnavaa glavu, mnatupa. Sisi glavu tulizifua, tukazianika kama soksi, tukazipuliza moja moja na kuzizamisha ndani ya maji kutafuta tundu, kama fundi wa baiskeli na mpira wake. Tukiona mapovu, tunaweka kiraka. Stanislasi aliniambia, "Weye ukicheka glavu yenye kiraka, kumbuka hata shati yako iko na kiraka, na bado inakufunika." Alinifundisha pia kupasha mikono moto kabla ya kumgusa mama tumboni. Hilo mliandike. Mkono wa baridi humfanya mama akaze tumbo, na tumbo lililokazwa halisemi kitu. Nimewaona nyinyi mkigusa watu na mikono iliyotoka bombani. Tumbo gani litawajibu?

Sasa, wageni. Kabla ya huyu ninayetaka kuwaambia, walikuja Wazungu wengine kumsaidia Bwana Saa, wakaondoka. Mmoja alikuja na mke ambaye alimwona nyoka bafuni. Nyoka mwenyewe alikuwa mjusi, lakini mke alikwisha kupanda gari. Mwingine alisema ziwa linampa huzuni. Ziwa! Ziwa lilikuwepo pale kabla yake, halikumfuata. Sisi wafanyakazi tulikuwa na mchezo wetu: akifika mpya, tunakisia ni mvua ipi itamkuta ameondoka, na anayeshindwa analeta kasiksi, ile pombe ya ndizi. Stanislasi alishinda karibu kila mara. Alisema siri ni kutazama masanduku. Asiyefungua masanduku yake yote, huyo hakai.

Basi siku moja ya kiangazi gari likaleta mwanamke. Hakuwa na masanduku. Alikuwa na mkoba mmoja mdogo, na koti zito la baridi mkononi, hapa Uvira, kiangazi. Stanislasi alimtazama, akatazama mkoba, akasema, "Huyu nimeshindwa kumusoma."

Jina lake Ilona. Alitoka nchi ya Hungaria, ambako vifaru vilikuwa vimeingia mitaani, naye akatoka kwa miguu usiku na kufika Ubelgiji bila kitu. Tuliambiwa ni mwuguzi, amekuja kusaidia materenite. Kifaransa chake kilikuwa kibaya. Mimi niliyekuwa na Kifaransa cha madarasa machache nilikuwa namwonea huruma, na mjue kwamba kumwonea huruma Mzungu zamani zile ilikuwa raha kubwa sana.

Wazungu wenzake hawakumtaka. Jioni walikutana kwenye nyumba yao ya kunywa, karibu na ziwa, wanawake wao wamevaa vizuri. Yeye alikwenda mara moja na koti lake, akarudi, hakwenda tena. Alipewa nyumba ndogo nyuma ya materenite, akakaa humo peke yake kama mtu anayesubiri kuitwa. Mchana alichemsha sindano, alipanga bandeji, aliogesha watoto. Na kila Bwana Saa alipoingia kupasua mtu, yule mama aliacha alichokuwa anafanya, akaja kusimama karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, anatazama kupitia kioo kidogo. Hasemi. Anatazama tu mpaka mwisho.

Jina Ilona na mdomo wa Uvira havikupatana. Tulimwita Madamu Iliona. "Iliona nini?" wagonjwa waliuliza. Tukajibu, "Iliona yote, haijasema bado." Tulidhani ni kiburi. Tulidhani anatuhesabia makosa.

Kwa kuwa Kifaransa kilimshinda, aliamua kujifunza Kiswahili, na mwalimu wake nikawa mimi. Sasa fikirini: mtu anayejifunza lugha ndani ya chumba cha kuzalia atajua maneno gani? Alijua kuamuru. Sukuma. Pumua. Ngoja. Lala. Geuka. Basi akayatumia kila mahali. Sokoni, muuza ndagala, wale dagaa wetu, akichelewa kumpimia, alimwambia, "Sukuma, mama! Sukuma!" Padri alipomsalimia baada ya misa, akamshika bega na kumjibu kwa upole, "Pumua, baba. Pole pole." Padri alikuwa mnene, akadhani ameonekana ana ugonjwa, akaenda kulala siku nzima.

Lakini hilo si kitu. Wiki moja Masera Godeliva aliingia wodini, akasimama, akanusa. Akanusa tena. "Josefina," akaniita, "kuna nini humu?" Na kweli, hewa ilikuwa nzito. Maji yalikuwepo, sabuni ilikuwepo, na akina mama hawajaoga. Nikamwuliza mmoja wao, mwanamke wa mlimani.

"Docta alikataza," akasema.

"Docta gani?"

"Si yule muzungu mwembamba! Kila asubuhi anapita, anatushika mukono, macho iko na huruma, anasema: usioge, mama, usioge. Sisi tunasikia. Tunataka kupona."

Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Maskini yule alikuwa anataka kusema "usiogope." Nilipomweleza, akawa mwekundu kama mafuta ya mawese. Nilidhani atajifungia. Kesho yake asubuhi nilimkuta na ndoo mkononi anapita kitanda hadi kitanda: "Oga, mama. Usi-o-go-pe. Oga." Akina mama wakaoga wakicheka, na yeye akacheka nao. Tangu siku hiyo alikuja kula kwetu, jikoni nyuma ya materenite. Hatukumwalika kwa barua. Nilimwambia, "Madamu, bugali iko," naye akakaa kwenye kigogo akala kwa mkono, bugali na sombe, yaani kisamvu, vibaya kabisa, unga mpaka kwenye kiwiko.

Andikeni na hilo pia. Mtu ukimcheka akiwa mbali, unamfukuza. Ukimcheka akiwa amekaa karibu na chungu, umempa kiti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa masika. Bwana Saa alikwenda na gari kukagua zahanati za upande wa Fizi. Mvua ikanyesha milimani, na ninyi mnajua mito yetu: asubuhi ni maji ya kuoshea miguu, mchana ni mawe yanayotembea. Barabara ya kusini ikakatika, Bwana Saa akabaki kule. Barabara ya kaskazini nayo ikakatika, ile ya kwenda Usumbura, mji mnaouita leo Bujumbura. Simu ya waya ililala chini pamoja na nguzo zake.

Mchana wa siku ile wanaume wakaja wamelowa mpaka shingoni, wamebeba tipoyi, machela ya miti, juu ya vichwa. Wametoka Runingu. Mto waliuvuka kwa miguu, kwa kuwa gari halingeweza. Ndani ya tipoyi alikuwa Ana, mke mdogo, mimba ya kwanza, na nyuma yake mama mkwe wake, Mama Sesiliya, mkulima wa mpunga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili. Uchungu ulikuwa umeanza tangu juzi.

Nilipasha mikono, nikagusa. Kichwa cha mtoto hakikuwa chini wala juu. Kilikuwa ubavuni. Mtoto amelala kimapana kama mtu kwenye machela, na maji yamekwisha kutoka, na tumbo limembana. Madamu Iliona akagusa baada yangu. Akaweka ile baragumu ya mti tunayosikilizia moyo wa mtoto, akasikiliza muda mrefu, akainuka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema kwa Kifaransa chake kibovu, "Hageuki. Kupasua. Sasa."

Masera Godeliva akasema, "Tumngojee Daktari."

Stanislasi akajibu, "Masera, Docta iko Fizi, na barabara iko ndani ya ziwa."

"Basi Usumbura."

"Mto umekata. Na ziwa limechafuka, hata wavuvi wamerudi."

Ana alikuwa halii tena, na mkunga akiona mama halii tena ndipo anaogopa. Mama Sesiliya alitutazama mmoja mmoja, akamfikia yule Mzungu.

"Huyu anajua nini?" akauliza.

Ndipo Madamu Iliona akavuta pumzi na kusema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto anatafuta jiwe la kukanyaga:

"Minye iko docta. Kwetu, minye iko docta. Nilipasua bamama mingi. Hapa, karatasi yangu ya udocta bamekataa. Bamesema: mwuguzi, basi. Nikashika kisu hapa, batanifukuza."

Nawaambia, hata Stanislasi alifungua mdomo. Miezi ile yote alikuwa amesimama kwenye kile kioo, na sisi tunamchezea jina.

Mama Sesiliya hakujali karatasi. "Mutoto wangu atapona?"

"Sijui," akasema Iliona. "Nikipasua, pengine. Nisipopasua, hapana."

"Pasua," akasema Mama Sesiliya.

Lakini funguo za chumba cha upasuaji zilikuwa kiunoni kwa Masera. Yeye na Bwana Saa tu ndio waliojua ile habari ya karatasi, naye aliahidi kuifanya siri. Nilimwona anatafuta njia. Akafungua ule mkufu wa funguo, akauweka mezani, akasema bila kumtazama mtu, "Mimi ni mtawa, si daktari. Siwezi kusema pasua. Nitakuwa kanisani, nasali." Akatoka.

Stanislasi akachukua funguo. Tulikuwa tumekwisha kumlaza Ana mezani, tunachemsha vyombo, nilipomsikia Masera anarudi. Bila funguo alikuwa na hatua nyepesi kama za mtu mwingine. Alikuwa amelowa mvua. Alifika mpaka mlango wa kanisa akageuka. Akaanza kunawa mikono, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko.

"Nikiwa kule na wewe ukiwa huku," alimwambia Iliona, "wakija kuuliza watakuuliza wewe peke yako. Hiyo siyo sala."

Basi tukafanya kazi. Stanislasi alishika kitambaa cha eta, ile dawa ya usingizi, juu ya pua ya Ana, anahesabu pumzi zake kwa midomo. Masera alipitisha vyombo. Mimi nilikuwa na blanketi mikononi kumpokea mtoto. Na yule mama aliyekuwa anapanga bandeji alikuwa mtu mwingine kabisa. Mikono yake haikukimbia wala haikungoja. Kifaransa kilimtoka kichwani chote, akatuamuru kwa maneno niliyomfundisha mimi: "Sukuma hapa. Ngoja. Shika. Ngoja. Sasa." Maneno yale yale ya sokoni. Yalitosha.

Mtoto alitoka wa rangi ya buluu, hana sauti. Nilimweka mbele ya Masera, naye akamvuta ute na mrija, akamsugua mgongo, akampulizia, akamsugua tena huku akisema sala kwa Kiflama kwa hasira, kama anayegombana na mwenye duka. Kisha yule mtoto akakunja uso. Akapiga chafya. Akalia. Mama Sesiliya, aliyekuwa nje chini ya ukingo wa paa, akapiga vigelegele hata wagonjwa wa kiume wakatoka kuuliza kama uhuru umefika.

Ana alipona pia. Asifiwe Mungu, na isifiwe eta. Lakini sasa tulibaki na Bwana Saa, ambaye barabara ingemrudisha.

Siku zile za kumngoja, Iliona hakula. Alikaa jikoni kwetu na sahani magotini. Alitandika kitanda chake kila asubuhi kama mtu anayerudisha chumba cha watu. Mimi nilijaribu kumfariji kwa maneno ya bure, Bwana Saa anapenda kazi nzuri, yule hatakufukuza. Stanislasi alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe kwa chuma cha makaa, akamwacha Iliona aseme uchungu wake wote, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Madamu, weye mulango wamekufungia mwaka huu. Minye, walijenga nyumba bila mulango wa kuniingiza. Na kila asubuhi niko nakuja. Kula, bugali inapoa."

Iliona alimtazama. Nadhani hapo ndipo alipomwona Stanislasi kwa mara ya kwanza, na sisi wengine pamoja naye. Mjue kwamba katika miaka ile hakuna mtu wa hapa aliyeruhusiwa kuwa daktari hapa, hata angekuwa na mikono ya malaika. Alikula.

Bwana Saa alirudi ana matope mpaka kwenye kofia. Masera alimweleza mwenyewe, amesimama wima. Hakumtafutia mtu kisingizio. Alisema, "Alipasua, nami nilikuwa pale." Bwana Saa alikwenda wodini, sisi nyuma yake kama kuku nyuma ya mpunga. Alifungua bandeji ya Ana, akainama karibu na mshono, akautazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisahau kutazama saa.

"Nilisoma karatasi zako," alimwambia Iliona. "Sikukuuliza kitu."

"Hapana," akasema Iliona.

"Jumanne nina mgonjwa wa ngiri. Saa moja kamili. Utasimama upande wangu." Akafikiri. "Kamili. Siyo saa moja na dakika."

Kisha akatugeukia sisi. "Ndani ya nyumba hii mtamwita Daktari. Nje ya nyumba hii, serikali imwite inavyopenda."

Hivyo ndivyo alivyopewa kazi yake. Sikilizeni vizuri, hasa ninyi mtakaokuwa wakubwa. Yule mama tulimpa chakula, tulimpa lugha, tulimpa jina. Vyote hivyo vilimtuliza. Lakini aliyekuwa anaugua ndani yake alikuwa daktari, na daktari haponi kwa sombe. Hupona kwa kazi.

Serikali ya kule juu haikubadili neno. Bwana Saa aliandika, akajibiwa hapana. Akaandika tena, hapana. Basi akafanya jambo lililotushangaza. Akamtafutia kazi Usumbura, kwa rafiki yake, katika lopitali kubwa ambayo ingempokea kama daktari kamili, jina na yote. Alijua atabaki peke yake tena na wagonjwa wote, na aliandika hata hivyo. "Ni haki yake," alimwambia Masera, "na mimi nina miguu."

Iliona alikwenda kuonana nao. Sisi tulielewa ni mwisho. Jumamosi alipaswa kurudi kuchukua mkoba wake, basi tukatengeneza karamu ya kumuaga. Masera alioka keki ambayo ilikataa kuinuka. Mimi nilipika sombe kwa mawese na ngazi, zile chikichi, vizuri kuliko nilivyowahi kupika, ili ajute. Stanislasi alileta samaki wa mukeke wakubwa kutoka kwa wavuvi. Na kutoka Runingu akaja Mama Sesiliya na kuku mnene chini ya kwapa, akamfunga kwenye mguu wa benchi, na mgongoni amembeba yule mjukuu, ambaye walimbatiza Iliona. Padri alikuwa amekataa kwanza, akasema hakuna mtakatifu wa jina hilo. Mama Sesiliya akamjibu, "Basi aanze huyu."

Saa kumi Daktari Iliona akashuka kwenye lori la mpunga, vumbi kichwani. Alitukuta tumesimama mstari mmoja, nyuso za msiba. Stanislasi akakunjua hotuba ya Kifaransa aliyoitunga wiki nzima. Alizungumza juu ya machozi, juu ya ndege wanaohama, juu ya moyo ambao haujui mpaka. Ilikuwa ndefu. Iliona alisikiliza yote, mikono ameikunja mbele, na karibu na mwisho machozi yakaanza kumtoka, na Masera akaanza kulia, na mimi nikaanza. Stanislasi alipofunga karatasi, Iliona akajifuta pua, akaniinamia sikioni.

"Josefina," akauliza, "nani iko naenda?"

"Si weye!"

"Minye?" Alishangaa kweli kweli. "Minye iko narudi."

Tulimkalisha, tukampa maji, tukamwuliza wamemkataa? Hapana, walimkubali. Walimwonyesha chumba cha upasuaji chenye taa kubwa kama ungo. Walimwonyesha mahali jina lake litakapoandikwa. Kisha wakampitisha wodini, daktari mkubwa anaongoza, na mama mmoja akamkamata Iliona sketi akamwuliza kitu, naye akainama kumjibu. Wakamwambia hapana, si lazima, kuna mtu wa kuongea nao. Akangoja huyo mtu wa kuongea nao aje. Hakuja. Wakaenda kitanda kingine.

"Yule mama," alisema, "alitaka kujua kama mutoto iko hai. Neno moja tu. Nilikuwa nalo mudomoni." Akapangusa vumbi kichwani. "Kule nitakuwa docta. Hapa niko docta na niko nasema na bantu."

Bwana Saa alikuwa kando na kipande cha keki, anajaribu kukitafuna. Alisema tu, "Jumanne, basi," akatazama saa yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaenda kusimama nje akitugeuzia mgongo.

Baadaye, ndiyo, aliondoka. Miaka ikapita, mambo yaliyowafukuza watu wengi yalikuja, na siyo habari ya leo. Watu huondoka. Ninachowaambia ni namna alivyokaa.

Siku ile tulikula karamu yote hivyo hivyo, kwa kuwa samaki hajui kama ni wa kuaga au wa kukaribisha. Giza lilipokaribia, Mama Sesiliya akasimama, akaenda kwenye benchi, akaanza kumfungua yule kuku.

"Mama," akasema Masera, "kuku huyo si umemletea Daktari?"

"Ilikuwa kuku ya kuaga. Muntu haendi."

"Basi mpe kwa kuwa amebaki."

Mama Sesiliya alimtazama Masera kama mtu anayemwonea huruma mtoto wa mjini. "Masera, nani anamupa muntu zawadi kwa sababu amelala kwao?"

Akamweka kuku kwapani. Akafungua nguo ya mgongoni, akamtoa mjukuu wake, akamkabidhi Iliona bila kuuliza.

"Weye beba mutoto," akasema, "minye niko na kuku. Nifikishe barabarani."

Wakaondoka hivyo, mmoja mfupi na mmoja mrefu, wakizungumza.